Verniz ya Kupaka Kana

Usinicheke kabla sijamaliza. Hapa nimechekwa vya kutosha. Akipita mwanamke na kucha zake nyekundu, hakosi kutokea mpuuzi mmoja wa kunipigia kelele, "Fundi Cassimo, hiyo ya boti au ya mkono?" Zamani ningemrushia nyundo. Siku hizi hasira inakuja kama kawaida, ila haki ya kukasirika ndiyo sina, basi naendelea na kazi yangu.

Mimi ni fundi wa fibra, ile ambayo ng'ambo wanaiita faiba. Boti za fibra zinazopasuka kati ya Palma na Namoto, nyingi zimepita mikononi mwangu. Kazi nilijifunza Pemba, hii yetu ya Msumbiji si ile ya Zanzibar, kwenye estaleiro, kule wanakotengenezea boti, na huko ndiko nilikookota Kireno changu cha vipande vipande. Gundi ya fibra naiita resina. Msasa nauita lixa. Msasa si neno zuri? Zuri sana. Lakini ukisema lixa unaonekana mtu uliyetembea.

Jirani yangu ni Mzee Shamte. Alivua maisha yake yote, kisha nyonga ikamharibikia, akawa hawezi tena kupanda chombo. Akawa anakaa ukutani anasikiliza wenzake wanavyogawana samaki, na uso wake ulikuwa hautazamiki. Siku moja akaniambia, "Cassimo, nitengenezee kana, niwe nasimama pale mwambani maji yakijaa." Kana ndiyo fimbo ya kuvulia. Neno la Kireno hilo, lakini tumeshalivaa, limekuwa letu. Ya dukani huku huipati. Nikachukua mwanzi mwembamba, nikauviringishia kitambaa cha fibra, nikakinywesha resina, nikafunga pete za waya za kupitishia mshipi. Nilifanya kwa mapenzi, sisemi uongo. Nikapiga msasa mpaka ukiishika hujui kama ni fibra au pembe ya ng'ombe.

Sasa sikiliza. Fibra ukiipiga msasa unavikata vinyuzi vyake, na vinyuzi vile ni vioo. Jicho halivioni, ngozi inavijua. Ni upupu hasa. Mimi mwenyewe nikipiga msasa najifunga kitambaa usoni, na nikimaliza naoga maji baridi, maana ya moto yanafungua ngozi vikazidi kuingia. Kwa hiyo kana ya fibra haitoki mikononi mwa fundi mpaka ipakwe kitu cha kuvifunga vinyuzi na kuzuia chumvi. Resina ilikuwa imeniishia. Rangi ya boti ni nzito, fimbo ikipinda inapasuka. Inayofaa ni vanishi nyepesi, mikono miwili au mitatu, kila mkono ukauke kwanza.

Ikatokea kwamba Khairiya anakwenda kwao. Khairiya ni mkaza mwana wa Mzee Shamte, mke wa Abdurrazaque, yule kijana wa mzee anayeendesha lori Pemba. Kwao ni ng'ambo, upande wa Mtwara. Huvuka mto pale Namoto, mpakani, kumtazama mama yake, na akirudi hurudi na vitenge na sabuni za kuuza. Binti mpole, maneno machache. Mzee ni mjane, kwa hiyo yeye ndiye anayempikia na kummiminia maji ya kunawa. Nikamwita, nikamwambia kwa mdomo wangu huu huu, "Mwanangu, huko uendako niletee verniz. Nzuri, inayong'aa."

Ningesema vanishi. Kwao wanasema vanishi, na hapa mafundi wenzangu wote wanasema vanishi. Lakini mimi mtu wa Pemba, bwana, lazima niseme verniz.

"Verniz, mjomba?" akauliza, akainamisha uso kama anayeficha kicheko.

"Verniz, ndiyo. Huijui?"

"Naijua," akasema.

Na kweli aliijua, kwa namna alivyoisikia. Huku kwetu mwanamke akisema verniz anasema rangi ya kucha. Kule Palma kwa Kátia msusi, ukienda kusukwa, utaulizwa unataka verniz gani, na Khairiya Kireno chake chote amekiokota kwa wanawake wenzake. Wareno walilibebesha neno moja kazi mbili, sisi tukagawana. Mimi hilo nilikuwa nalijua. Halikunijia tu, kwa kuwa nilikuwa nasikiliza sauti yangu.

Akarudi na kifurushi kimezungushiwa gazeti, akanipa nyuma ya nyumba, macho chini. Nafungua, vichupa vya rangi ya kucha! Vyote vyekundu, wekundu wa harusi. Nikawaka. "Ebo! Mimi bibi harusi? Nimekuagiza kitu cha kazi, unaniletea takataka za saluni! Hukwenda shule wewe?" Akajibu polepole, "Nisamehe, mjomba. Nilidhani ni ya shangazi Nazira, na wewe unaona haya kusema." Nazira ni mke wangu. Nikamwambia, "Ondoa hapa. Kauze, katupe, shauri yako." Akavitia kwenye mkoba wake, akaenda zake.

Huku nyuma mzee ananihimiza. Bamvua linakaribia, maji makubwa, changu wanasogea mwambani, kana yake iko wapi? Nikajiambia nitaipaka baadaye. Nikachukua mafuta ya nazi, nikaisugua ikang'aa, nikampa. Mafuta! Mafuta hayafungi kitu. Yanafurahisha jicho siku ile ile, na juu yake hata vanishi yenyewe haishiki tena mpaka uoshe na kupiga msasa upya. Yote hayo nilikuwa nayajua nikiwa nasugua.

Mzee alivyofurahi, acha tu. Siku ya kwanza alirudi na changu wawili akapita nao makusudi mbele ya kila baraza. Siku zilizofuata akaanza kujikuna. Viganja vikawa vyekundu, vikavimba, akajikuna mpaka damu. Zahanati wakampa dawa ya kupaka. Anapaka asubuhi, maji yakijaa yuko mwambani ameikumbatia kana yake, kesho yake mikono ni mibaya zaidi. Kikulacho ki nguoni mwako. Wakamtafutia kwenye nguo, kwenye mkeka, kwenye sabuni. Hakuna aliyetazama alichokuwa amekishika.

Isipokuwa mimi. Nilijua tangu alipokaa barazani kwangu akanionyesha viganja vyake. Nikamwambia, "Labda ni chumvi, mzee wangu." Chumvi! Mtu aliyekulia ndani ya chumvi. Akaitikia kwa kichwa, akasema labda, kwa sababu ananiamini.

Mzee ana dada yake, Bi Ancha. Ulimi ule Mungu aliutia makali pande zote mbili. Akaanza kuuliza uani, kwa sauti ya kusikika hadi msikitini, "Anayemmiminia maji kaka yangu ni nani? Anayemkandia unga ni nani? Kabla hajaja huyu wa ng'ambo, kaka yangu aliwahi kuwashwa?" Kisha akaingia chumbani kwa Khairiya akapekua mkoba, akatoka na vile vichupa. Lahaula! "Mume yuko Pemba, kucha anampakia nani? Na mwenye rangi kuchani udhu haumkai! Mtu asiye na udhu ndiye anayeshika maji ya baba wa watu!" Upuuzi mtupu. Rangi huzuia maji yasifike, haimfanyi mtu najisi. Na Khairiya mwenyewe kucha zake zilikuwa tupu, hakuna rangi hata chembe, wala hakuna aliyetazama. Lakini Bi Ancha akishaanza, nani wa kumsimamisha?

Khairiya alijibu neno moja tu. "Alinituma fundi Cassimo."

Wakaja kwangu. Bi Ancha mbele, wanawake wengine nyuma, vichupa kwenye upindo wa leso. Nilikuwa nimekaa na wenye boti, wanaume watupu, tunazungumza kazi. "Cassimo," akasema, "wewe ulimtuma huyu rangi ya kucha?"

Mmoja wa wale wenye boti akaanza kutabasamu. Nikaliona tabasamu lile, likaniingia vibaya. Nikasema, "Mimi? Rangi ya kucha naipeleka wapi mimi? Nilimtuma vanishi ya kupakia fibra."

Kila neno la kweli. Ungeniletea msahafu ningeapa. Nilichokuwa nakitaka ni vanishi, na kazi yenyewe ni fibra. Lile neno lililotoka mdomoni mwangu, verniz, ndilo nililolimeza, na bila hilo binti wa watu akawa mwongo. "Mmesikia?" Bi Ancha akawaambia wenzake. Khairiya alikuwa amesimama kwenye kona ya ukuta. Hakulia, hakunitukana. Alinitazama kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba anayosikia ina watu, na hafunguliwi.

Tangu siku ile kazi ikawa haiendi. Nilikuwa nagombana na misumari. Nikasikia imeamuliwa kwamba kaka yake Khairiya aitwe, aje kumchukua Ijumaa baada ya sala. Abdurrazaque alipigiwa simu na shangazi yake, na unaweza kukisia alielezwa nini. Akasema yeye yuko mbali, wazee waamue. Ndoa ya watu inakwenda hivyo, kwa ajili ya aibu yangu ya kuchekwa na wenye boti.

Nazira alikuwa anakoroga mchuzi aliponiuliza, "Baba Wahida, yule mtoto ulimwambiaje? Ulisema neno gani?" Wahida ni binti yetu mkubwa.

"Verniz," nikasema.

Akaweka mwiko chini. "Kwa hiyo alidhani ni yangu mimi."

"Ndiyo."

"Mtu mmoja tu katika dunia nzima alidhani wewe unaweza kuninunulia mimi zawadi. Naye ukamwita hakwenda shule." Akaushika tena mwiko. "Umetengeneza kana, kisha ukakana. Haya, endelea."

Nilimfokea, bila shaka. Nikamwambia mambo ya kazi hayajui. Akaendelea kukoroga mchuzi wake.

Sasa shetani naye ana huduma zake. Katikati ya hayo nilipata kwa baharia mmoja kopo la vanishi ya boti, yenyewe hasa, safi, haina rangi. Ijumaa asubuhi nikaenda kwa mzee. "Nipe kana niikaze pete, naona zimelegea." Akanipa kwa mikono iliyofungwa vitambaa, akasema, "Ahsante, mwanangu, wewe hunisahau." Nilitamani angenipiga nayo.

Nikaiosha kwa petroli na sabuni, mafuta ya nazi yakatoka. Nikaipiga msasa tena, nikaifuta vumbi, nikafungua kopo. Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Nipake, ikauke, niirudishe, mzee apone polepole, na siri ibaki kati yangu na kopo. Nikachovya brashi. Ndipo nikafikiri mbele kidogo. Khairiya leo anavuka Namoto. Mzee anapona wiki ijayo. Watu watasema nini? Watasema, mnaona? Mchawi ameondoka na upele umeondoka. Vanishi yangu ndiyo itakayokuwa shahidi wa mwisho wa kumfunga. Nilisimama pale brashi inadondosha vanishi, nikasema astaghfirullah kwa sauti. Kisha nikalifunika kopo, nikaibeba kana vile vile ilivyo, kavu, nyeupe, imejaa vinyuzi.

Uani kwa Mzee Shamte, sala ya Ijumaa imekwisha, watu walikuwa wamekaa kwenye mikeka. Mussa, kaka yake Khairiya, alikuwa karibu na mlango, mkoba wa dada yake uko miguuni pake umeshafungwa. Khairiya amekaa nyuma yake amejifunika mtandio. Bi Ancha alikuwa ameshatandika leso, na juu yake vile vichupa vimepangwa kama vitu vya kuuza. Anasema, "Ushahidi huu hapa. Mwenyewe na aseme alikuwa anampakia nani."

Nikasema, "Hivyo ni vyangu."

Wakatazamana. Kisha wakacheka, na mimi nina ndevu hizi unazoziona. Bi Ancha akasema, "Vyako? Umeposwa lini, Cassimo?" Wakazidi kucheka. Nikahisi hasira inapanda kama siku zote, nikataka kumjibu jibu la kumchoma, nikaiona mikono ya mzee, nikawaacha mpaka walipochoka.

"Nilimtuma verniz," nikasema. "Sikusema vanishi. Nilisema verniz, najivuna na Kireno changu, naye akaniletea anachokijua. Nilimfokea. Mlipokuja kuniuliza nikawaambia maneno ya kweli ya kuwadanganya. Huyu binti hajasema uongo hata mmoja." Nikaiinua kana. "Na mikono ya mzee haikuwashwa na maji yake wala unga wake. Imewashwa na kana yangu. Niliitoa bila kuipaka, na nilijua."

"Maneno hayo," akasema Bi Ancha. "Kana inawasha vipi?"

Nikakunja mkono wa shati, nikaisugua kana hapa ndani ya mkono, palipo laini, nikasugua kwa nguvu, mbele yao. Hatukungoja sana. Ngozi ikawa nyekundu, vikatoka vipele, nikaanza kujikuna kama mbwa, siwezi kujizuia. Mussa akasimama akaja kunitazama mkono kwa karibu. Akageuka akamtazama Bi Ancha, naye akaanza kuitengeneza leso yake ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Mzee Shamte alikuwa anafungua vitambaa vyake. Akavitazama viganja vyake, akanitazama mimi. "Uliniambia ni chumvi," akasema.

"Nilikuambia, mzee wangu."

"Nami nikamwacha huyu mtoto atukanwe ndani ya nyumba yangu." Akavikunja vitambaa. "Maji yangu kaendelea kunimiminia hata leo asubuhi."

Nikamwambia, "Nyumbani nina vanishi nzuri, haina rangi. Nitaipaka leo leo, haitakuwasha tena, wala hutaiona kama ipo."

"La," akasema. "Isiyoonekana ndiyo uliyotupaka sisi siku zote hizi. Hiyo sitaki tena. Paka hiyo ya mkwe wangu, hapa, tuone sote. Kila atakayenikuta mwambani na kana nyekundu ataniuliza, nami nitamwambia."

"Mzee, ni ya kucha. Haitadumu."

"Ikibanduka utapaka tena. Kaa chini."

Nikakaa. Bi Ancha ndiye aliyenisogezea vichupa, kwa ncha za vidole, hakunitazama. Umewahi kuiona brashi ya rangi ya kucha? Ni ndogo, inanichekesha mimi mwenyewe, na mimi nimezoea brashi za kupakia boti. Nikapaka fimbo ile toka kishikio, taratibu, wote wananitazama, harufu kali imejaa ua mzima, watoto wamejazana mlangoni. Vidole vyangu vinene, rangi ikanitapakaa kuchani, kwenye ngozi, kila mahali. Hakuna aliyecheka tena, na nadhani kicheko kingekuwa afadhali.

Adhana ya alasiri ikaadhiniwa. Wanaume wakainuka kwenda kutawadha. Mussa alimwuliza dada yake kwa sauti ya chini, "Tunakwenda au tunabaki?" Khairiya akasema, "Tunamngoja mume wangu. Nitamweleza mwenyewe, kwa mdomo wangu. Akishanisikia, nitajua kama nabaki." Mussa akausukuma mkoba mpaka ukutani, akawafuata wenzake. Mzee naye akaondoka akiegemea bakora, na alipopita hakuniwekea mkono begani kama ilivyo desturi yake.

Nikabaki mimi na vidole vyangu. Nikanyanyuka hadi kwenye mtungi, nikachota kata ya maji, nikaanza kunawa nipate kutawadha. Naosha, nasugua, rangi iko pale pale. Nikasema bila kugeuka, "Khairiya, mwanangu, nisamehe. Nimekukosea."

Nilisikia hatua zake. Akaweka wembe juu ya kinu, mbali kidogo na mkono wangu, kisha akarudi nyuma.

"Kwarua kwanza, mjomba," akasema. "Maji hayafiki palipofunikwa."

Nikauchukua wembe, nikaanza na kidole gumba. Nilikuwa bado nakwarua watu walipotoa salamu msikitini.